Marehemu wa Ukurasa wa 112

Chama cha Kufa na Kuzikana TUSHIKANE,
Igamba, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
Mwezi wa sita, msimu wa kahawa.

Kwa Mkuu wa Shule ya sekondari anakosoma binti yangu,
Kupitia kwa Mwalimu Ferista wa Kiswahili, ambaye ndiye chanzo.

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA RIWAYA NAMBA TATU KATIKA ORODHA YA VITABU VYA LIKIZO, AU KUZIKWA KWA MAREHEMU ALIYEMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na safari hii ninaomba uhusike kweli.

Natumaini u mzima wa afya, walimu wako wazima, na lile paa la bwalo lililong'olewa na upepo limesharudi mahali pake. Sisi huku ni wazima, isipokuwa tuna msiba, na msiba wenyewe umetoka shuleni kwako.

Jina langu ni Lusubilo Nzunda, mkulima wa kahawa na mahindi, Mwenyekiti wa Chama kilichotajwa hapo juu kwa awamu ya tatu mfululizo, na baba wa Ikupa wa Kidato cha Pili. Huenda unanikumbuka. Katika kikao cha wazazi ni mimi niliyesimama kuuliza kwa nini maharage ya shule yana mawe, na wewe ukanijibu kwamba swali ni zuri. Mama yake Ikupa, marehemu Tabita, alitutoka mwaka jana wakati wa kupanda mahindi. Chama kilimzika kwa utaratibu wote. Maturubai yalitosha, maji hayakukatika, wageni wote walikula, hatuna malalamiko. Mtoto naye tangu wakati huo amekuwa mtulivu mno, hasumbui, haombi kitu, wala hakulia hata siku yenyewe. Haya nayataja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Sasa nieleze mkasa. Kabla ya kufunga shule Mwalimu Ferista aligawa orodha ya riwaya zinazopendekezwa kwa kidato cha kwanza na cha pili, kila mwanafunzi akapewa moja ya kusoma likizo. Mimi kama mzazi makini niliikagua orodha hiyo. Majina ya vitabu yalikuwa ya heshima, hayakuwa na matusi wala mapenzi, nikasaini. Ikupa akapata namba tatu. Inamhusu mwanamke aitwaye Mwanaasha, fundi cherehani wa mji mdogo huko pwani, anayeshona sare za watoto wa wenzake. Ana binti mmoja, Zakia, na ana mume anayeitwa Makame, ambaye sitasema lolote juu yake hapa kwa kuwa nimempa namba yake mbele.

Wewe si mtu wa kahawa, hivyo nikufafanulie. Kahawa ikishaoshwa tunaitandaza juu ya vichanja, tunakaa pande zote mbili na kutoa punje mbovu. Ni kazi ya mikono na macho, midomo haina kazi. Ikupa alikuwa akikaa mwisho wa kichanja na kitabu chake, peke yake kama kawaida yake, mpaka jirani yetu Mama Fortunata akamwuliza anachekea nini. Badala ya kujibu, mtoto akamsomea. Kesho yake akamsomea yeye na Leah, jirani wa nyumba ya pili. Baada ya hapo watu wa vitongoji vingine wakaacha vichanja vyao na kuja kuchambua kahawa yangu bure, ili mradi wasipitwe. Sikuwazuia. Nilidhani shule hatimaye imeleta faida.

Ndipo tukafika ukurasa wa 112. Mwanaasha alifariki.

Alikuwa akikohoa tangu ukurasa wa sitini, na kila akikohoa Leah alimshauri tangawizi, lakini yule mama hakusikia. Alifia kwenye benchi la zahanati kabla jina lake halijaitwa, na nyumbani ameacha sare ya Zakia ikiwa na mkono mmoja. Ikupa alisoma mpaka kwenye ule mkono mmoja, akafunga kitabu, akaanza kulia. Mama Fortunata alipomwona analia akapiga yowe. Leah akampokea. Kichanja kizima kikalipuka vilio. Bahati mbaya Katibu wetu, Bwana Ipyana, alikuwa akipita barabarani na baiskeli, akasikia wanawake wanalia nyumbani kwa Mwenyekiti. Ipyana ni katibu mwepesi, na ndiyo sababu tunampigia kura. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ringi la gari lililotundikwa ofisini kwetu akaligonga.

Ringi likigongwa hapa kwetu, kila mtu anaweka jembe chini. Wanawake wanakuja na unga na kuni, moto unawashwa, na hakuna anayegusa kazi ya shamba mpaka marehemu azikwe. Unga ulioletwa msibani haurudi nyumbani, na ringi haligongwi kinyume. Nilipoanza kueleza kwamba aliyefariki ni mtu wa kitabuni, uwanja ulikuwa umeshajaa na sufuria la kwanza limeshateremshwa. Mama Fortunata alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hajafa?"

Mkuu, nilitaka kumwambia kwamba hakuwahi kuwepo. Lakini hakuniuliza kama aliwahi kuwepo, aliniuliza kama amekufa, na mimi sina tabia ya kusema uongo mbele ya wanachama. Nikasema ndiyo, amekufa. Akasema, "Basi," akaongeza kuni.

Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Mazishi, tunavyoamini, yako kwenye kurasa zinazofuata. Lakini Ikupa amekataa kuendelea kusoma. Amekikumbatia kitabu ndani ya khanga na hakitoi. Kwa hiyo marehemu hajazikwa, na sisi hatuwezi kuinuka. Baada ya maelezo hayo naorodhesha malalamiko.

1. KWAMBA MAREHEMU HAKUWA MWANACHAMA. Katiba yetu iko wazi. Anayezikwa na chama ni yule aliyezika wenzake. Huyu Mwanaasha hajabeba hata ndoo moja ya maji kwenye msiba wa mtu yeyote wa Igamba. Niliitisha kamati nikaeleza hivyo kwa sauti ya kawaida. Leah akasimama akasema ukurasa wa thelathini marehemu alishona sare za yatima wawili bila malipo, na akauliza ni nani katika kamati amewahi kufanya hivyo. Tukapiga kura. Nilishindwa, na kura moja iliyobaki upande wangu ilikuwa yangu.

2. KWAMBA KITABU HAKITOI TAARIFA ZA MSINGI. Hakisemi urefu wa marehemu. Fundi wetu wa mbao, Lusungu, alikata mbao za jeneza kwa kukisia, akaweka kipimo cha mwanamke wa kawaida kisha akapunguza kidogo kwa sababu ya kikohozi. Mbao zilipokuwa tayari akafika Habibu, msafirishaji wa Tunduma ambaye huja na fuso lake kununua mahindi. Alikuta watu wamekaa, akatoa pole, akauliza jina la marehemu. Alipoambiwa ni Mwanaasha, na akaona zile mbao, alishtuka. "Mzee wangu," akaniambia, "huyu ni Muislamu mwenzangu. Sisi hatumpigilii maiti ndani ya sanduku, na wala hatumlazi mpaka kesho, anazikwa siku hiyo hiyo. Mmemweka ukurasa mmoja muda wote huu? Hapana, mzee, hapo mmekosea." Kwa hiyo, Mkuu, licha ya kuwa na msiba usio wetu, tumekuwa tukiuendesha vibaya. Nimefedheheka sana. Katika miaka yangu yote ya uongozi sijawahi kuambiwa kwamba maiti wangu amechelewa.

3. KUHUSU MAKAME. Huyu mume wa marehemu ndiye aliyechukua baiskeli siku ile mke wake anatakiwa kupelekwa zahanati, akaenda nayo kuangalia mpira. Wanawake wanataka aitwe kwenye kikao ajieleze. Nimewaeleza kwamba hawezi kuitwa. Lakini katika soko la Igamba yupo Makame mmoja, muuza mitumba, mtu mpole aliyetoka Pemba, ambaye mke wake ni mzima kabisa na ana nguvu kumzidi yeye. Tangu ukurasa wa 112 hakuna mwanamke anayenunua kwake. Wanasimama mbele ya meza yake, wanamwangalia, wanaondoka. Mmoja amemwuliza baiskeli aliipeleka wapi. Maskini alikuja kwangu na mke wake kama kielelezo. Nimelazimika kumwandikia barua ya utambulisho, yenye muhuri wa chama, inayosema kwamba mwenye barua hii siye mhusika. Ameitundika juu ya mitumba, na sasa wanawake wanasema mtu asiye na hatia angekuwa na barua ya nini.

4. KAHAWA. Kamati ilikaa tena kuamua kama kufunika kahawa ni kazi. Ikaamuliwa kwamba kufunika si kazi, kwa sababu hata marehemu hufunikwa, ila kugeuza ni kazi. Kwa hiyo kahawa yangu inafunikwa jua likiwa kali na kufunuliwa likipoa, lakini haigeuzwi, na imekauka upande mmoja. Watu wa chama cha ushirika wakija kuipima nitawaambia nini? Nilijaribu kuegemea kichanja kama mtu aliyechoka huku kiwiko kinageuza mbili tatu. Mama Fortunata aliniona. Alitikisa kichwa tu, na kule kutikisa kichwa ndiko kunakoniuma zaidi kuliko kahawa yenyewe.

5. KWAMBA MSIBA UMEVUKA MIPAKA. Habibu aliporudi Tunduma aliwasimulia wenzake. Unajua ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dereva anaweza kukaa hapo mpaka ndevu zote zimeota, hana la kufanya, simu iko mkononi. Habari ikatembea lori kwa lori. Wameanza kutuma rambirambi. Tumepokea sukari, mikeka, turubai kubwa la kufunikia mzigo, na dereva mmoja Mzambia ametuma mfuko wa dagaa wao wanaowaita kapenta, na salamu kwamba naye mama yake alikuwa na cherehani. Kila asubuhi Habibu ananipigia. Hanisalimii tena, anauliza tu, "Amezikwa?" Aliwahi hata kumwendea shehe mmoja amwombe ushauri. Shehe alimjibu kwa busara kwamba mtu wa kitabuni haswaliwi, watu waendelee na kazi zao. Kisha akamwomba Habibu, siku akiujua mwisho wa kitabu, asisahau kumwambia.

6. WAJOMBA. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Juzi wamefika wazee watatu kutoka Isongole, kule Ileje, wamevaa makoti, wamejitambulisha kuwa ni wajomba wa marehemu. Wanasema wamesikia kwamba kwenye ukurasa wa nane imeandikwa mama yake Mwanaasha alitoka "milimani, mbali sana", na mahali penye milima, tena mbali sana na pwani, ni wapi kama si Ileje? Nimewaonyesha kwamba nchi hii ina milima mingi. Wamenijibu kwamba mimi kama nina mjomba mwingine nimlete. Wanalala kwenye ghala langu, wanakula vizuri, na jana mkubwa wao ameuliza cherehani ya marehemu inakwenda kwa nani. Nilipomjibu kwamba cherehani hiyo iko ndani ya kitabu, alinitazama kwa huruma, akasema hivyo ndivyo wanavyosema siku zote wale wanaotaka kudhulumu.

7. KUHUSU MFIWA. Katika kila msiba lazima awepo mfiwa, na wote walikubaliana, bila hata kunishirikisha, kwamba mfiwa ni Ikupa, kwa kuwa ndiye aliyelia wa kwanza. Mfiwa hukaa kwenye mkeka. Hatumwi. Hakemewi. Hanyang'anywi kitu alichoshika mkononi. Sasa alichoshika mkononi ni kitabu chako. Umeona nilivyofungwa.

Nimejaribu njia nyingine. Mdogo wangu Deus, aliyemaliza kidato cha nne, alijitolea kumzika marehemu kutoka kichwani mwake. Alisimama mbele za watu, akasema Mwanaasha alizikwa hapa hapa Igamba, pembeni ya shamba la kahawa, na diwani akatoa hotuba ndefu. Watu walimzomea mpaka akakaa. Ikupa hakumzomea, alimwangalia tu, akakivuta kitabu karibu zaidi na kifua chake. Habibu naye amezunguka maduka yote ya vitabu ya Tunduma kutafuta nakala nyingine. Amekuta vitabu vya mitihani iliyopita tu, ambamo hakuna anayekufa, ingawa wengi huumia.

Na Mama Fortunata, ambaye kwa sasa anaongoza msiba kuliko mimi, aliniambia mbele za watu, "Mwenyekiti, hebu kaa na mtoto kwenye mkeka." Nilimjibu kwa upole kwamba mwenyekiti hakai. Mwenyekiti anaangalia maji, anaangalia kuni, anahakikisha sahani zinazunguka, anapokea wageni wa mbali. Nimefanya hivyo katika misiba yote ya eneo hili, ukiwemo ule wa nyumbani kwangu, ambapo sikukaa hata mara moja tangu ringi lilipogongwa mpaka maturubai yalipokunjwa. Lazima awepo mtu wa kusimama. Sioni ajabu yoyote katika jibu hilo, lakini nilisikia mtu akiosha sufuria kwa nguvu.

Lalamiko langu kubwa kuliko yote, Mkuu, ni hili. Nilikukabidhi mtoto mtulivu. Mwaka mzima sijaona chozi lake. Walimu walimsifu, majirani walimsifu, mchungaji alisema mtoto huyu ana imani. Sasa kwa sababu ya riwaya moja yenye jalada la kijani analia asubuhi, analia wakati wa uji, analia akiona sindano. Jana alimwona Leah anashona kifungo akaondoka uwanjani. Nikimwuliza analilia nini, ananiambia, "Mwanaasha, baba." Nami sijui cha kumwambia mtu anayemlilia Mwanaasha. Maneno ya pole ninayo mengi, nayatoa kila siku kwa watu, lakini yale ni ya marehemu wa kweli.

Kwa kuzingatia hayo yote, chama, au tuseme mimi kwa niaba ya chama, kinaomba yafuatayo.

Riwaya yoyote inayopendekezwa kwa watoto wa umri huu iandikwe kwenye jalada ndani yake wanakufa wangapi na ukurasa gani, kama gunia linavyoandikwa kilo. Mzazi asaini akijua.

Mhusika anayeanza kukohoa aandikishwe kwenye chama cha kuzikana cha kwao mapema, ikiwezekana sura ya kwanza, ili asije akawaangukia watu wasiomjua.

Katika kata zinazolima kahawa asife mhusika yeyote kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa. Mwandishi akiona hali ya mgonjwa ni mbaya, amuuguze mpaka tumalize kuvuna. Kurasa si anazo?

Mwandishi mwenyewe aletwe. Yeye ndiye aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho, na hajafika msibani hata kutoa mkono wa pole. Picha yake ipo nyuma ya kitabu, na anatabasamu. Wanawake wameiona na hawajafurahi.

Badala ya riwaya, watoto wapewe kile kijitabu cha wataalamu wa kilimo kuhusu kutu ya majani ya mibuni. Nimekisoma mara mbili. Kina mafunzo mengi, na kinachokufa humo ni majani peke yake.

Na la mwisho, ambalo ndilo la haraka: Mwalimu Ferista afike Igamba kabla ya Jumamosi, akiwa na mamlaka ya shule. Amnyang'anye Ikupa kitabu, kwa sababu yeye si ndugu na mila yetu haimbani, asome mazishi kwa sauti mbele ya wanachama wote, aondoke nacho, na kisirudi tena katika kata hii. Jumamosi kuna mkutano mkuu. Wanachama wameshaanza kusema kwamba mwenyekiti anayeshindwa kumzika mtu mmoja hafai, na wajomba wa Isongole, ambao hata si wanachama, wameomba kupiga kura. Asipofika, chama hiki kilichozika watu wa eneo hili tangu enzi za baba yangu kitavunjika kwa sababu ya mwanamke asiyekuwepo.

Nisalimie walimu wote, nisalimie mpishi na umwambie mawe yamepungua lakini hayajaisha, nisalimie mlinzi wa getini na mzee wa maktaba, ingawa yeye na mimi tutakuwa na mazungumzo. Mama Fortunata anakusalimu. Leah anakusalimu. Habibu yuko Tunduma ila angekuwepo angekusalimu. Wajomba wamesema wasitajwe.

Ni mimi niliyesimama tangu msiba uanze,

Lusubilo Nzunda
Mwenyekiti, TUSHIKANE
(Muhuri umepigwa)

TANBIHI: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, lakini bodaboda ya kuileta ilipata pancha, kwa hiyo nimeifungua kuongeza maneno machache.

Leo mchana nilikuwa napita na ndoo kuelekea jikoni. Ikupa akaniita kutoka kwenye mkeka. Akasema, "Baba, nishikie kitabu. Mikono inatetemeka, sioni mistari." Nikamwambia ngoja nipeleke maji. Mama Fortunata akaja akaipokea ile ndoo mkononi mwangu bila kuniuliza, nikabaki sina kazi. Nikakaa.

Nilishika kitabu, yeye akasoma. Wanawake waliacha sufuria wakasogea. Wajomba walivua kofia zao. Mwanaasha alizikwa siku ile ile aliyofariki, jioni, kama Habibu alivyosema, na ilikuwa inanyesha. Zakia alimaliza mkono wa pili wa sare yake mwenyewe, kwa uzi wa rangi tofauti kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Hapo Ikupa akaniambia, "Na sisi siku ya mama ilinyesha."

Mimi siikumbuki hiyo mvua, Mkuu. Nakumbuka kwamba turubai moja lilivuja upande wa wageni wa Vwawa, nikatafuta kamba. Lakini Ikupa alikuwa amesimama kwenye mvua yenyewe na anaikumbuka yote, na alinisimulia, nani alimshika mkono na nani hakumshika. Tabita alikuwa na khanga ya njano kabatini aliyokuwa akimwekea mtoto. Nilikuwa sijui. Nimelia mbele ya wanachama wangu wote, tena si kwa Mwanaasha. Hakuna aliyenipa pole, walinisogezea mkeka vizuri tu.

Kwa hiyo marehemu amezikwa, moto umezimwa, na kahawa inageuzwa hivi sasa ninavyoandika. Habibu amepiga simu, nikamwambia ndiyo, na nikasikia honi za malori. Lusungu ametengeneza mbao zake kuwa rafu ya vitabu, fupi kidogo. Wajomba hawajaondoka, wanasubiri kujua cherehani ilikwenda kwa nani, na mimi pia nasubiri, zimebaki kurasa chache.

Naomba uyafute malalamiko namba moja mpaka saba pamoja na maombi yote. La Makame wa sokoni tu libaki, huyo kweli anaonewa. Mwalimu Ferista akija Jumamosi asichukue kitabu. Alete riwaya namba nne. Mama Fortunata anauliza kama ndani yake kuna atakayekufa, ili awahi na unga. Tafadhali, kama yupo, usituambie. Tutakuwepo.